Kabla ya Kugusa Goti, Uliza Limetoka Wapi

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza kazi katika chumba chetu cha mazoezi ya viungo, naanza na kile kiunzi cha mifupa cha plastiki kinachoning'inia nyuma ya mlango. Ubavu wake mmoja haupo. Hamkuuvunja ninyi. Nawaambia mapema kwa sababu wiki yangu ya kwanza niliamini nimeuvunja mimi, nikautafuta chini ya kitanda, nyuma ya mizani na hata kwenye ndoo ya mfagiaji, mpaka Madame Beata akanikuta nimepiga magoti.

"Unatafuta nini?"

"Nimepoteza ubavu, Madame."

"Muulize Eva wa Adamu," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Madame Beata ndiye aliyenifundisha kazi hii baada ya chuo kudhani kwamba kimenifundisha. Ameifanya tangu wengi wenu hamjazaliwa, na anasema mwanafunzi mzuri ni yule anayeogopa kidogo. Mimi nilikuwa naogopa sana. Mgonjwa akisema "aah" niliondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Akinyamaza, niliogopa zaidi. Sasa mkataba wangu umefika mwisho, nimekabidhi ufunguo wa chumba, na mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Nimekaa na ombi lenu muda mrefu, kwa sababu kila nilichojifunza kina "lakini" yake. Acha niandike pamoja na hizo "lakini".

Mtasikia neno moja zaidi ya mengine yote: rubagimpande. Hapa Gisenyi ndilo jina la kila maumivu yanayokaa kwenye kiungo, na mara nyingine hata ya mahali pasipo na kiungo. Wanaozungumza Kiswahili watasema baridi yabisi, na watamaanisha mambo yale yale mengi. Nilitoka chuoni nikiwa na safu mbili safi kichwani. Upande mmoja, ugonjwa wa viungo. Upande wa pili, osteoporosi, yaani mifupa kupoteza uzito wake na kuwa myepesi ndani. Nikajiambia nitawatenganishia watu hayo mawili, waache kuyachanganya. Mwaka haukuisha kabla sijayachanganya mwenyewe, kwa sababu vitabu vinampa kila mgonjwa ugonjwa mmoja, na watu hawana adabu hiyo. Wanakuja nayo yote mawili, tena wameleta mtoto.

Aliyekuja na mtoto ni Mama Verediyana, muuza sambaza wa Rubona. Ninyi wenyeji mnazijua sambaza, vidagaa vile vya ziwani vinavyoliwa na miiba yake. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kidogo, sauti kubwa kuliko mwili. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Ange, mtoto wa shule ya msingi, kwa kuwa mama yake Ange anafanya kazi Kigali. Daktari wetu alikuwa ameshamwona Ange mara mbili, damu imepimwa, hakuna kitu. Akamtuma kwetu tuangalie anavyotembea.

"Huyu mutoto iko na maajabu," Mama Verediyana aliniambia kabla hajakaa. "Asubuhi ni mugonjwa, mchana ni mbuzi. Mwalimu anasema anachelewaka kila siku, anakataa kukimbia na wenzake. Halafu saa nane unamukuta anaruka kamba! We muganga, hiyo ni ugonjwa gani yenye inajua saa?"

Ange aliangalia viatu vyake.

Nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Nilimtembeza, nikamchuchumaza, nikamrukisha kwa mguu mmoja. Nikaweka mgongo wa mkono wangu juu ya goti moja kisha la pili, maana goti lenye uvimbe wa ndani huwa na joto kuliko mwenzake. Fanyeni hivyo kila mara, ni kipimo kisichohitaji umeme. Magoti yote mawili yalikuwa ya moto, moto sawasawa. Nililinyoosha la kulia, likakaribia kunyooka kabisa. Neno "likakaribia" lilininyima amani. Lilibaki pengo dogo kati ya goti na godoro, dogo kiasi kwamba ukilitazama sana unaanza kudhani umelitengeneza kwa macho yako.

Kisha nikaona nywele za kisogoni zimelowa, na vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za familia nzima.

Nikafikiri: jasho? Jasho la nini? Homa ya jioni, kifua kikuu cha viungo? Figo? Mbona ngozi ya vidole? Nikamuuliza kama ananyeshewa njiani. Akageuka kuangalia dirisha. Jua lilikuwa linawaka.

"Ni musafi, muganga," bibi yake akajibu kwa niaba yake. "Nimemuosha."

Nikaona aibu kidogo. Kila mzazi humwosha mtoto kabla ya kumleta kwa daktari, nami nilikuwa nakaribia kumuuliza mama mtu mzima kwa nini mtoto wake ni safi. Nikaliacha hapo.

Nilimwita Madame Beata. Alilishika goti, akalikunja, akalikunjua, akasimama akikuna shingo. "Bon. Sioni kitu," akasema, "na hili goti halinipi usingizi." Alipoona nimefarijika kwamba hata yeye haelewi, akanikodolea macho. "We usicheke. Tukishindwa wawili si dawa."

Hapo ndipo Mama Verediyana aliposema neno lililonifuata mpaka nyumbani. Hakulisema kwa hasira. "Muturudishe mara moja tu. Kama hamuoni kitu tena, basi ni uvivu. Mi ni muzee, siwezi kulipa pikipiki za kuja mjini kwa uvivu. Atabaki nyumbani tuchague sambaza."

"Mi si muvivu," Ange akasema, chini chini, akiwaambia viatu.

Tukawapa siku nyingine, mchana kama kawaida. Mtaukuta utaratibu huu: asubuhi ni ya walioumia, vijana wa pikipiki na wabeba mizigo wa mpakani. Maumivu ya zamani, na watoto, huja mchana. Ni utaratibu wenye akili, kwani mama wa Rubona lazima auze samaki kwanza. Nilikuwa sijaona bado kwamba ugonjwa mmoja unaweza kujificha ndani ya ratiba.

Siku ile ile, wakati wa kuondoka, Mama Verediyana alikanyaga kitenge chake, akashika ukuta. Akacheka. "Hii kitenge imekua," akasema. "Ilikuwa inafika hapa," akaonyesha juu ya kifundo cha mguu, "sasa inafagia barabara. Fundi ataniambia ni mimi niko naisha."

Madame Beata hakucheka. Alimsimamisha ukutani, akapima kwa mkono pengo kati ya mbavu na nyonga, akamuuliza kama aliwahi kuvunjika. Kifundo cha mkono, zamani, kwa kuteleza tu mlangoni. Je, anameza dawa? Akatoa kwenye mkoba vidonge vidogo vyeupe ambavyo jirani humnunulia sokoni, vya rubagimpande, vinavyotuliza maumivu "kama muchezo". Amevimeza miaka na miaka. Vilikuwa vya steroidi.

Shikeni haya wadogo zangu. Mwanamke aliyeshaacha kupata siku zake, ulizeni urefu wa nguo zake. Mifupa myepesi haiumi. Inakaa kimya mpaka ivunjike, na pingili za mgongo zinaweza kubonyea moja moja mtu akidhani ni uzee tu unamkunja. Dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu huila mifupa zaidi, ya mtu mzima na ya mtoto pia. Ndiyo, mtoto naye anaweza kuwa na mifupa myepesi, kwa dawa, kwa kulala kitandani muda mrefu, kwa lishe mbaya, au kwa kuzaliwa nayo. Lakini msimwambie mtu avitupe vidonge hivyo leo. Mwili uliovizoea ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka vibaya. Mpelekeni kwa daktari avipunguze polepole.

Nilijaribu kumweleza. Nilijiandaa kwa mfano wa mlango, ambao bado naona ni mzuri. Nyumba ina nguzo na ina bawaba. Ugonjwa wa viungo unakula bawaba, mlango unakwama na kulia. Osteoporosi inakula nguzo kwa ndani, kama mchwa, huku rangi ya nje iko vilevile. Alinisikiliza vizuri. Kisha nikaharibu kwa kuongeza mfano wa pili. Nikasema mfupa mzuri ni kama mkate mzito, na mfupa wake sasa ni kama andazi lililojaa hewa.

"Unaniambia mi ni andazi?"

"Hapana Mama, mifupa yako..."

"Madame! Huyu mutoto wako ananiita andazi!"

"Anakuheshimu," Madame Beata akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi ananionaga chapati."

Tulimwambia asiiname kubeba vitu vizito. Achuchumae, mzigo aukumbatie kifuani, na beseni la samaki alijaze nusu. Atembee kila siku, kwa kuwa mfupa hupenda kubeba mwili wenyewe. Aendelee kula sambaza na miiba yake. Aliahidi yote kwa heshima, jambo lililonitia wasiwasi, maana mgonjwa anayekubali kila kitu kwa kawaida hajakubali kitu.

Walirudi kabla ya siku yao. Ilikuwa saa mbili asubuhi, upepo wa ziwani ungali mbichi, vijana wawili wa pikipiki wakimshikilia Mama Verediyana huku na huku. Alikuwa mweupe midomoni. Jana yake aliinama kuinua beseni lililojaa, akasikia kitu mgongoni kikisema "tap", kama kijiti. Usiku hakugeuka. Alfajiri alimwamsha Ange, wakapanda pikipiki mbili moja kwa moja mpaka kwetu.

Tulimlaza kwa ubavu, goti na goti pamoja, mto katikati. Madame Beata alipitisha vidole kwenye pingili bila kubonyeza, akafika mahali, na Mama Verediyana akapiga kelele, "Yebabawe!" Daktari akaitwa, picha ikaagizwa. Mimi nilishika mkono wa mgonjwa nikiwa na hesabu zangu kichwani: tulimwambia vizuri? Nilionyesha jinsi ya kuchuchumaa au nilieleza tu kwa mdomo? Pengine andazi ndilo lililoharibu?

"Ange," Madame akaita, "lete kitenge cha nyogokuru, bibi yako."

Ange alikuwa kwenye benchi. Aliinuka vipande vipande. Kwanza mikono kwenye ukingo wa benchi, kisha mguu wa kushoto, kisha wa kulia ukafuata nyuma ukiwa umekunjwa, kama kitu cha kukodi. Akatembea kuelekea kwetu akikanyagia ncha ya vidole.

Nikaona, na sikuelewa. Mara ya kwanza nilidhani anamwigiza bibi yake. Watoto hufanya hivyo; anayempenda mtu hukopa hata maumivu yake. Kijana mmoja wa pikipiki akafikiri hivyo pia, akacheka: "Na kazee kengine kamekuja!" Kisha nikadhani ameanguka kwenye pikipiki. Kisha nikadhani ni hofu. Nilikuwa na maelezo matatu na hakuna hata moja lililokaa. Mtoto aliyeletwa kwa matibabu alikuwa anaruka, na aliyemsindikiza bibi hawezi kunyoosha mguu.

Niliacha kufikiri nikapiga magoti, nikaweka mgongo wa mkono. Goti la kushoto lilikuwa la baridi kama kikombe. La kulia lilikuwa na joto, limejaa, vile vishimo viwili vya kando ya kilegesambwa, ile pia ya goti, havionekani.

"Ange, mbona siku ile halikuwa hivi?"

Akamtazama bibi yake kitandani, kuomba ruhusa. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Leo hatukupita kwa amashyuza," akasema.

Mnapajua, zile chemchemi za maji moto kando ya ziwa, kule watu wanakoloweka viungo na kukandwa. Kila mara walipokuwa waje kwa daktari au kwetu, Mama Verediyana alimpitisha hapo kwanza. Alimkalisha majini mpaka goti lilegee, akamkanda, akamfuta, akamvika nguo safi, ndipo wakaja mjini. Kwake ilikuwa adabu. Humpelekei muganga mtoto anayechechemea na kulia, kama vile humpelekei fundi nguo chafu.

"Nilitaka akuje muzuri," Mama Verediyana akasema bila kufumbua macho. "Mutoto analia, muganga atamushikaje?"

Madame Beata alikaa kwenye kile kiti kibovu, ambacho hakuna anayekikalia. "Donc," akasema taratibu, "umekuwa unatuletea mutoto baada ya kuficha ugonjwa."

"Nilimuletea dawa ya njiani!"

Wote wawili walikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Maji ya moto hayakumdhuru Ange. Kwa kweli yalimfaa, na hata leo tunawaambia watoto wenye ugonjwa wake waoge maji ya moto asubuhi. Lakini yalikuwa yanafuta kila nilichokitafuta: kukakamaa kwa asubuhi, kuchechemea, hata tofauti ya joto kati ya goti na goti. Na mchana wetu ulimalizia yaliyobaki. Sijui hata sasa ni nani ungemlaumu. Nimejaribu, na kila ninapomaliza nabaki nimeyalaumu maji.

Mengine mtayasoma vizuri zaidi vitabuni, ila niyaseme. Ugonjwa wa viungo wa watoto si ule wa wazee ulioshuka mapema. Kwa mzee, mara nyingi gegedu la kiungo limechakaa, na maumivu huzidi anapotumia kiungo. Kwa mtoto kama Ange ni kinga ya mwili inayokosea na kukishambulia kiungo chake mwenyewe. Kinakakamaa baada ya usingizi, kinalegea akitembea. Damu inaweza kutoka safi kabisa. Mtoto anaweza asilie hata kidogo, acheze tu pungufu ya wenzake. Kiungo kilichovimba wiki zaidi ya sita bila sababu kisiitwe uvivu. Na macho! Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, ukaharibu kimya kimya. Mtoto akapimwe macho hata kama anaona nzi ukutani.

Ange alipelekwa kwa daktari wa watoto wa hospitali kubwa, akachunguzwa, wakakubaliana na goti: ni ugonjwa huo. Macho yalikuwa salama, ataendelea kupimwa. Alianza dawa, na mazoezi ya kunyoosha akafanya nasi. Bibi yake alivaa mkanda wa mgongo, akapewa dawa za mifupa, na vile vidonge vyeupe vikaanza kupunguzwa. Picha ilionyesha pingili moja imebonyea upya, na nyingine mbili za zamani ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia zikivunjika.

Nilimuuliza Mama Verediyana siku moja, akiwa anajifunza kuinuka bila kuinama, kama anajua kwamba mgongo wake ndio uliotuonyesha goti la Ange. Kama asingevunjika, wangepitia majini tena, na ile ingekuwa mara yao ya mwisho. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa na sikujua kama ni la kushukuru au la kuogopa.

"Bon," akasema, "basi haikuvunjika bure." Kisha akanitazama. "We unakulaka lakini? Unakonda na mawazo ya watu."

Wadogo zangu, nilitaka kuwaachia kanuni moja iliyonyooka. Niliyo nayo ni hii: muulizeni mgonjwa ametoka wapi, siyo kijiji, bali leo asubuhi amepitia wapi kabla ya kufika kwenu. Amekandwa? Ameloweka? Amemeza cha jirani? Na mtoto anayekakamaa viungo mwoneni walau mara moja kabla mwili wake haujaamka vizuri. Tumebadilisha ratiba kidogo kwa ajili hiyo. Vijana wa pikipiki wananung'unika, mtazoea.

Wiki yangu ya mwisho, saa mbili asubuhi, nilisikia ile sauti kubwa kuliko mwili ikigombana na mlinzi kuhusu foleni. Mama Verediyana aliingia akitembea taratibu, mgongo ukiwa kwenye mkanda, kitenge kimepunguzwa na fundi. Nyuma yake Ange, sare ya shule, begi mgongoni, anapiga miayo. Walikuwa wamekuja moja kwa moja, upepo wa ziwani usoni.

"Nimekuletea mutoto mukavu," Mama Verediyana akatangaza, chumba kizima kikasikia. "Shika haraka, anachelewa darasa."

Nilipiga magoti. Nilingoja kidogo, maana bado naogopa. Kisha nikaweka mgongo wa mkono kwenye goti la kushoto, nikauhamishia la kulia, nikaurudisha, nikauhamisha tena.

"Sema basi!" bibi akafoka.

Yote mawili yalikuwa ya baridi.